Unataka kuwa daktari wa mifugo? Maandalizi huanzia kidato cha pili

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne na cha sita, ujumbe mfupi unaoingia studio kwetu huongezeka. Wapo wanaouliza kuhusu ualimu, wapo wanaouliza kuhusu uuguzi. Lakini kutoka Kiteto, Simanjiro na Hanang kuna swali ambalo halikosekani: mwanangu anapenda mifugo, afanye nini ili awe daktari wa mifugo? Hewani huwa tuna dakika chache, na aliyekuwa malishoni au kisimani saa hiyo hakusikia. Kwa hiyo tumeliandika jibu hapa kwa kirefu, ulisome kwa nafasi yako.

Tuanze na lililo zito. Watoto wengi wa wafugaji hupoteza nafasi hii kabla hawajajua kwamba ipo. Hawaipotezi kwa kukosa akili. Wanaipoteza siku wanapochagua masomo ya kuendelea nayo kidato cha tatu na kuiacha Kemia kwa sababu mwalimu hakuwepo au kwa sababu marafiki wameiacha. Miaka minne baadaye mzazi yuko tayari kuuza ng'ombe kulipa ada, lakini mlango ulishafungwa. Makala haya yanahusu milango hiyo na wakati wa kuipita.

Daktari wa mifugo ni nani?

Kijijini kwetu kila anayebeba bomba la sindano huitwa daktari. Kisheria si hivyo. Daktari wa mifugo ni mtu mwenye shahada ya tiba ya wanyama ambaye amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, baraza lililopo kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Bwana mifugo au bibi mifugo tunayemjua kwenye kata mara nyingi ana cheti au stashahada. Naye anatambuliwa na baraza hilohilo, lakini kama mtaalamu msaidizi, na kazi anazoruhusiwa kufanya zina mipaka yake.

Tofauti hiyo si ya kudharauliana. Bila bwana mifugo chanjo isingefika vijijini. Lakini kijana anayejiandaa lazima ajue anakwenda wapi, kwa sababu njia ya cheti na njia ya shahada zina masharti tofauti na urefu tofauti.

Kazi ya daktari wa mifugo ni pana kuliko kutibu ng'ombe. Hupima nyama machinjioni kabla haijafika kwako. Hufuatilia magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu, kama kimeta, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Wengine hufanya kazi maabara, wengine kwenye hifadhi za wanyamapori. Mwaka 1994 simba wengi wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, na waliobaini chanzo chake walikuwa wataalamu wa fani hii.

Wazee watakumbuka sotoka. Ugonjwa ule ulimaliza maboma mazima ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Chanjo iliyosaidia sana kuumaliza ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, na kundi la Walter Plowright, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani, baada ya ndui kwa binadamu.

Anasoma wapi, na kwa miaka mingapi?

Hapa Tanzania chuo kinachojulikana kwa mafunzo haya ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, mjini Morogoro. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yalianza pale miaka ya 1970, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 SUA kikawa chuo kikuu kinachojitegemea na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro mwaka huohuo. Sokoine alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli.

Shahada ya tiba ya wanyama huchukua miaka mitano. Shahada nyingine nyingi huchukua mitatu au minne, kwa hiyo familia ijipange kwa miaka mitano kamili. Kwa walio karibu na mipaka, Kenya wana Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi yake ya Kabete, na Uganda wana Makerere. Ukisomea nje, uliza mapema Baraza la Veterinari jinsi shahada hiyo inavyotambuliwa hapa nchini.

Jihadhari na jambo moja. Vijana wanaotafuta maelezo kwenye intaneti hukutana na ushauri wa Marekani, ambako mwanafunzi husoma kwanza chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne, ndipo anaomba kuingia shule ya udaktari wa mifugo kwa miaka mingine minne. Kwetu si hivyo. Kwetu mwanafunzi huingia moja kwa moja baada ya kidato cha sita au baada ya stashahada. Kwa maana hiyo, maandalizi ambayo Mmarekani huyafanya akiwa chuoni, mtoto wako anapaswa kuyafanya akiwa sekondari.

Kidato cha kwanza mpaka cha nne

Masomo mawili ndiyo nguzo: Biolojia na Kemia. Ukiacha mojawapo, umeacha udaktari wa mifugo. Fizikia na Hisabati nazo zishikilie kadiri unavyoweza, kwa sababu zinakuwezesha kuchagua tahasusi nyingi zaidi kidato cha tano.

Wapo wanaouliza Hisabati ya nini kwa mtu wa kutibu ng'ombe. Tuchukue mfano. Tuseme dawa inatakiwa kutolewa miligramu 10 kwa kila kilo moja ya uzito. Ng'ombe ana kilo 250. Anahitaji miligramu 2,500. Chupa imeandikwa kwamba kila mililita ina miligramu 100. Kwa hiyo utavuta mililita 25. Ukikosea sifuri moja, ama umemzidishia mnyama ama umempa dawa kidogo mno, na dawa ikitolewa kidogo kidogo vimelea huizoea. Hesabu kama hiyo daktari huifanya kila siku, pengine amesimama juani na ng'ombe anarusha mateke.

Kiingereza nacho kisisahaulike. Masomo ya chuo na mitihani yake yote ni kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wa vijijini hukwama hapo kuliko kwenye sayansi yenyewe. Njia rahisi ya kujizoeza ipo dukani. Kila dawa ya mifugo huja na karatasi ya maelekezo. Usiitupe. Isome, andika maneno usiyoyajua, muulize mwalimu. Ukifanya hivyo kwa karatasi ishirini utakuwa umejifunza maneno mengi utakayoyakuta darasani.

Shule yako haina maabara? Tumia kinachopatikana. Siku mbuzi anapochinjwa nyumbani, omba uangalie tumbo lake kabla halijasafishwa. Utaona vyumba vinne: kimoja kikubwa kilichojaa majani, kingine chenye ukuta kama sega la nyuki, kingine chenye kurasa kama kitabu, na cha mwisho laini ambacho kinafanya kazi kama tumbo letu sisi binadamu. Fungua daftari la Biolojia ulinganishe na mchoro. Mtoto wa mjini hulipia safari ya mafunzo ili aone hayo.

Kidato cha tano na cha sita

Tahasusi zinazofaa ni zile zenye Kemia na Biolojia ndani yake: Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani PCB, Kemia, Biolojia na Jiografia, yaani CBG, na Kemia, Biolojia na Kilimo, yaani CBA. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, PCB inakuachia milango mingi zaidi endapo baadaye utabadili mawazo.

Masharti ya udahili hutangazwa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, katika kitabu chake cha mwongozo, ambacho hupatikana bure kwenye tovuti yao. Kwa ujumla TCU hutaka mwombaji wa kidato cha sita awe na angalau alama kuu mbili zinazofikisha pointi 4. A ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2 na E ina 1. Hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba, na hakikuhakikishii nafasi. Wakijitokeza wengi, chuo huanza na wenye alama za juu. Kwa hiyo usilenge D mbili. Lenga C na kwenda juu katika Kemia na Biolojia, na kwenye mwongozo wa mwaka wako usome mstari wa kozi yenyewe, hasa kuhusu somo la tatu.

Njia ya stashahada

Aliyemaliza kidato cha nne na hakupangiwa kidato cha tano hajafika mwisho. Serikali ina Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, wenye kampasi Tengeru mkoani Arusha, Mpwapwa mkoani Dodoma, Buhuri mkoani Tanga na maeneo mengine. Huko husomwa cheti na stashahada za afya na uzalishaji wa mifugo. Kuanzia kidato cha nne mpaka stashahada ni kama miaka mitatu.

Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada. Kiwango cha jumla cha TCU kwa njia hii ni wastani wa GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na kozi yenyewe inaweza kuongeza masharti yake.

Piga hesabu. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili, ukijumlisha mitano ya shahada unapata saba. Stashahada ni mitatu, ukijumlisha mitano unapata minane. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Lakini wa stashahada, hata pesa zikikatika njiani, tayari ana taaluma inayoweza kumpa kazi. Kwa familia ambayo haina uhakika wa kipato, hilo ni la kufikiriwa kwa makini. Hatari yake ni moja: wengi wakishaanza kupata kipato hawarudi tena shule. Kama lengo ni shahada, tunza GPA yako tangu muhula wa kwanza.

Jifunze kijijini, lakini usijiumize

Hakuna maandalizi mazuri kama kuijua kazi kabla hujaisomea. Muombe bwana mifugo wa kata umfuate siku za likizo. Nenda naye kwenye josho, kwenye chanjo ya mbwa, mnadani na machinjioni. Wapo waliogundua siku ya kwanza tu kwamba hawawezi kuvumilia damu na harufu. Ni afadhali kugundua hilo kidato cha tatu kuliko mwaka wa tatu chuoni.

Anzisha pia daftari la mifugo ya nyumbani. Andika tarehe ndama alipozaliwa, alipochanjwa, siku za kuogesha, aliyeugua na dalili zake, aliyekufa. Baada ya mwaka mmoja utaanza kuona mambo. Utaona, kwa mfano, kwamba ndama wanaovimba tezi chini ya masikio na kuhema kwa shida wanaongezeka msimu ambao kuogesha kulisimama. Hiyo ndiyo ndigana kali, inayoletwa na kupe. Kuona mpangilio wa namna hiyo ni nusu ya udaktari.

Lakini kuna mipaka, na hapa tunamwambia mzazi pia. Mnyama akifa ghafla na damu ikatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja bila kuganda, asimguse wala asimpasue. Huenda ni kimeta. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Ng'ombe akitupa mimba au kondo la nyuma likikwama, asilivute kwa mikono mitupu, maana ugonjwa wa kutupa mimba huingia kwa binadamu na kumtesa kwa homa za muda mrefu. Aking'atwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na asichome mnyama sindano kwa sababu tu ameona wengine wakifanya.

Maombi, nyaraka na mkopo

Matokeo ya kidato cha sita mara nyingi hutoka mwezi Julai, na baada ya hapo dirisha la udahili hufunguliwa. Maombi hufanywa mtandaoni, moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo. Hakuna mtu mwenye nafasi za kuuza. Akikupigia simu mtu anayesema anaweza kumwingiza mwanao chuoni kwa kutumiwa pesa, huyo ni tapeli, hata kama analijua jina la mtoto na matokeo yake. Matokeo yako wazi kwa kila mtu.

Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, nako mtandaoni. Usisubiri jibu la chuo ndipo uanze kushughulikia mkopo. Andaa haya mapema, ikiwezekana mwaka mzima kabla:

- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA.
- Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe.
- Kitambulisho na picha ya mdhamini.
- Kama kaya yenu ipo TASAF, taarifa za kaya.
- Fomu yenye sahihi za serikali ya kijiji na za kamishna wa viapo.

Kikwazo kikubwa vijijini ni majina. Mtoto ameandikishwa shuleni kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, na kitambulisho cha mzazi kimeandikwa kwa herufi nyingine. Mfumo wa kompyuta huwaona kuwa ni watu tofauti. Kagua majina hayo leo. Kurekebisha huchukua muda na safari, na dirisha la mkopo halimsubiri mtu.

Tunamwomba mzazi asiuze ng'ombe wote mwaka wa kwanza. Mbali na ada kuna chakula, malazi, nauli, koti jeupe, mabuti ya mpira na vifaa vya vitendo, na gharama hizo zinarudi kwa miaka mitano. Fanyeni kikao cha familia, mpange mwaka kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza ukoje?

Wengi huingia wakidhani watatibu wanyama wiki ya kwanza. Sivyo. Miaka ya mwanzo ni ya kujifunza mwili wenye afya: mifupa, misuli, neva, jinsi moyo na figo zinavyofanya kazi. Kisha huja vimelea, bakteria, virusi na dawa. Upasuaji, uzazi, tiba yenyewe na ukaguzi wa nyama huja baadaye. Na wanyama ni wengi: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, punda, kuku, mbwa, paka, samaki na wa porini. Mtoto wa mfugaji huwa na faida kwa ng'ombe, lakini kwa paka wote huanza sawa.

Maswali mnayotuuliza mara kwa mara

Msichana anaweza? Anaweza, na wapo wengi wanaofanya kazi hii. Ng'ombe hazuiwi kwa nguvu za mikono peke yake. Huzuiwa kwa kamba, kwa kibanio na kwa ujuzi. Kinachowazuia wasichana wa kwetu mara nyingi ni kuozwa au kuachishwa shule kabla ya kidato cha nne.

Nilisoma masomo ya sanaa, nifanyeje? Bila Biolojia na Kemia hakuna njia ya mkato. Unaweza kurudia masomo hayo kama mtahiniwa binafsi wa kidato cha nne, kisha uombe cheti cha mifugo. Ni njia ndefu, ila ipo.

Baada ya kumaliza naanza kazi mara moja? Kwanza lazima usajiliwe na Baraza la Veterinari. Kisha ajira ziko halmashauri, maabara, machinjioni, hifadhi, kampuni za dawa na kliniki binafsi. Ajira ya serikali haina uhakika kwa kila anayehitimu, kwa hiyo jiandae pia kujiajiri. Wilaya nyingi za wafugaji zina mifugo mingi na wataalamu wachache.

Kwa kifupi, fuata hatua hizi

Kidato cha pili: amua kutoacha Biolojia na Kemia, na ongea na mwalimu wa taaluma kabla ya siku ya kuchagua masomo.
Kidato cha tatu: anza daftari la mifugo na mfuate bwana mifugo wakati wa likizo.
Kidato cha nne: kagua majina kwenye nyaraka zote, jaza tahasusi zenye Kemia na Biolojia, na weka chuo cha mifugo kama njia ya pili.
Kidato cha tano: soma mwongozo wa TCU wa mwaka huo, mstari wa kozi unayoitaka.
Kidato cha sita: hakiki vyeti RITA, tafuta mdhamini, na weka akiba ya nauli na bando la kuombea.

Kama mwanao yuko darasani leo, muulize jioni hii jambo moja tu: Kemia inaendeleaje? Jibu likiwa baya, nenda shuleni ukaonane na mwalimu wakati bado kuna muda. Na kama una swali ambalo hatukuligusa, lituma kwa ujumbe mfupi kwenye namba ya kipindi cha asubuhi. Tutalipeleka kwa mtaalamu wa mifugo na kulijibu hewani.